Juventus walionewa? Adhabu ya kupanga matokeo inavyopimwa

Kijiweni kwetu kuna jamaa mwenye jezi ya Juventus ya mtumba. Mistari imefifia, kola imeanza kuachia uzi, lakini nembo bado iko sawa, na chini yake pameandikwa kwa herufi ndogo: 30 SUL CAMPO. Ameivaa miaka mingi bila kujua maana yake. Juzi kijana mmoja akamtafsiria kwa simu: "Thelathini, uwanjani." Mzee aliyekuwa anamimina kahawa akauliza, thelathini nini? Ubingwa. Basi, jioni ikaishia hapo.

Jezi hiyo ni ya msimu wa 2012/13, na wakati inashonwa, daftari la shirikisho la soka la Italia liliihesabia Juventus ubingwa 28. Mbili zilizozidi kwenye jezi ni zile ambazo klabu ilipokwa mwaka 2006, katika kashfa ambayo Waitaliano waliipa jina la Calciopoli. Klabu iliamua kuzihesabu kifuani hata kama wakubwa wamezifuta kwenye karatasi. Nusu ya kijiwe wakasema Juve walionewa. Nusu nyingine wakasema walihurumiwa, wangefutwa kabisa. Haikupita robo saa mjadala ukahamia kwa Simba na Yanga na nani anabebwa, kama kawaida yetu.

Nilichoona pale ni kwamba watu walikuwa wanabishana juu ya mambo matatu huku kila mmoja akidhani ni jambo moja. Kuna anayeuliza kama kosa lilithibitika. Kuna anayeuliza kwa nini alipe klabu nzima wakati waliokosa ni watu wawili watatu. Na kuna anayeuliza mbona fulani naye alifanya vilevile akaachwa. Unaweza kukubali kwamba kosa lilithibitika, ukakubali kwamba klabu ilipe, ukakataa kwamba wengine waliachwa kwa haki, na usiwe umejipinga hata kidogo. Mimi ndipo nilipo, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. Kupanga matokeo ni makubaliano ya pembeni kwamba mechi, au kipande cha mechi, kiende kwa namna fulani. Mtaani tunasema mechi imeuzwa. Muuzaji anaweza kuwa kipa anayeachia, beki anayelegeza, kocha anayepanga kikosi cha ajabu, au mwamuzi. Mnunuzi anaweza kuwa klabu inayotafuta pointi, au mcheza kamari asiyejali nani anashinda ilimradi mkeka wake utiki. Kubebwa ni kitu kingine. Refa anaweza kukunyima penalti ya wazi kwa sababu jua lilimpiga machoni, au kwa sababu kelele za mashabiki elfu hamsini zilimtia woga. Hilo linauma, lakini hakuna mkataba nyuma yake. Bila makubaliano hakuna upangaji, kuna uamuzi mbovu tu.

Kesi nyepesi ya kuanzia tunayo hapa nyumbani. Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, nafasi ya kupanda Ligi Kuu ilikuwa moja, na Geita Gold na Polisi Tabora wote walikuwa wanaikodolea macho. Ilifika mahali tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Geita wakaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Mabao kumi na tano katika mechi mbili, siku ambayo kila bao lilikuwa na thamani ya kupanda daraja.

Ngoja kidogo hapo. Nane bila si ushahidi. Timu hufungwa nane kwa haki, hasa timu iliyokwisha kata tamaa msimu ukiwa unaisha. Matokeo ya ajabu ni kama moshi: yanakuambia uende ukaangalie, hayakuambii nani kawasha. Kinachotafutwa baada ya moshi ni ripoti ya kamisaa wa mechi, maelezo ya waamuzi, mawasiliano ya simu, pesa zilizopita mkononi, na siku hizi taarifa za kampuni za kubashiri pale pesa nyingi zinapomiminika kwenye matokeo ambayo hakuna mwenye akili timamu angeyatabiri.

Mwezi Aprili Kamati ya Nidhamu ya TFF ikatoa uamuzi. Geita Gold, Polisi Tabora na JKT Oljoro zikashushwa hadi Daraja la Pili. Kanembwa, ambayo tayari ilikuwa inashuka, ikatupwa hadi ligi ya mkoa. Watu binafsi nao wakafungiwa. Na kwa kuwa waliokuwa juu wameondolewa, nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, timu ambayo asubuhi ya siku ile ya mwisho hakuna aliyekuwa anaipigia hesabu. Wale waliosema Mbao wamepanda mezani na watarudi mezani walipata jibu msimu uliofuata: waliitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA, na fainali ya Dodoma wakaipeleka Simba hadi muda wa nyongeza kabla ya kulala 2-1.

Sasa turudi kwenye swali la wengi: shabiki wa Geita aliyelipa kiingilio chake kakosa nini? Hakukosa kitu. Lakini tazama hivi. Mtu kaiba ng'ombe, kampeleka nyumbani kwao, familia nzima inakunywa maziwa. Mwizi akikamatwa, watoto hawapelekwi polisi, maana hawakuiba. Ila ng'ombe harudi kulala kwenye zizi lile, hata watoto walie vipi. Kupokwa pointi, kupokwa ubingwa na kushushwa daraja ni kumtoa ng'ombe zizini kwanza, na adhabu ya mwizi inafuata kivyake. Ndiyo maana kanuni za mashirikisho mengi hazihangaiki sana na kama bodi nzima ilijua. Kiongozi wako akipanga matokeo kwa faida yako, faida inakutoka.

Ipo sababu nyingine, ya kijanja zaidi. Kama angeadhibiwa mtu peke yake, kila klabu ingekuwa na mtu wake wa kutolewa kafara. Anafungiwa miaka mitano, anaangaliwa kimyakimya, kombe linabaki kabatini. Klabu inapojua kwamba itaumia yenyewe, inaanza kumchunga katibu wake anazungumza na nani.

Hata hivyo sitaki kuifanya iwe nyepesi kuliko ilivyo. Matokeo ya mtihani yakifutwa kwa udanganyifu, mtoto ambaye hakuona hata karatasi iliyovuja naye analia, lakini mtoto anaweza kurudia mtihani. Msimu wa mpira haurudiwi. Mchezaji wa miaka thelathini na tatu aliyekuwa anasubiri kucheza Ligi Kuu kabla magoti hayajamsaliti, mwaka wake umekwenda. Geita Gold walikuja kucheza Ligi Kuu msimu wa 2021/22, na mshambuliaji wao George Mpole akaibuka mfungaji bora kwa mabao 17. Klabu inaweza kusubiri miaka mitano. Mtu hawezi.

Tukiwa na hilo, twende Italia.

Mei 2006 magazeti ya kule yalianza kuchapisha mazungumzo ya simu yaliyonaswa na wapelelezi. Sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Luciano Moggi, mkurugenzi mkuu wa Juventus, akizungumza na Pierluigi Pairetto na Paolo Bergamo. Hawa wawili kazi yao ilikuwa kupanga waamuzi wa ligi. Ukisoma mazungumzo yale ukitarajia kukuta "tupe penalti dakika ya themanini", hutaikuta. Utamkuta mtu analalamika kuhusu refa fulani, anapendekeza mwingine, anataja majina hadi ya waamuzi wa mechi za kirafiki, kwa sauti ya mtu anayeagiza chakula kwenye mgahawa anaoujua vizuri.

Hapa ndipo hoja kubwa ya mashabiki wa Juve inapoegemea: hawakununua mechi hata moja. Na kwa kweli hukumu ya kimichezo haikutaja mechi moja iliyothibitika kuuzwa. Ilisema mtandao wenyewe, yaani ule uhusiano wa karibu na wapangaji wa waamuzi, ulitosha kuipa klabu faida ambayo wengine hawakuwa nayo.

Unaona ni ukakasi? Hebu lilete shuleni. Mzazi mwenye uwezo ana namba ya ofisa anayepanga wasimamizi wa mtihani. Kila mwaka anampigia: chumba cha mwanangu asikae yule mkali, mlete yule mpole. Hakuna swali lililovuja, hakuna jibu lililoandikwa mkononi. Mtoto anapata daraja la kwanza, na pengine ni kweli ana akili, angelipata tu. Wewe ambaye mwanao alisimamiwa na yule mkali utakubali kwamba ushindani ulikuwa sawa? Juventus ile ilikuwa na kikosi cha kutisha, na ndiyo maana shabiki wake anaona kombe ni halali. Lakini akili ya mtoto haimpi baba yake haki ya kuchagua msimamizi.

Hukumu ya kwanza ilitoka 14 Julai 2006. Siku tano kabla, Berlin, Italia ilikuwa imeifunga Ufaransa kwa penalti kwenye fainali ya Kombe la Dunia, na wachezaji wanane waliokanyaga uwanja ule, ukihesabu pande zote mbili, walikuwa wa Juventus. Nahodha aliyeinua kombe, Fabio Cannavaro, alikuwa wao. Kutoka hapo hadi kuambiwa klabu yako inacheza Serie B, yaani daraja la pili, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ubingwa wa 2005 na wa 2006 umefutwa, na unaanza msimu ukiwa na pointi 30 pungufu ya sifuri.

Pungufu ya sifuri maana yake unaanza mwezi na deni dukani. Mechi kumi za kwanza ukishinda zote, ndiyo kwanza umelipa. Rufaa ikapunguza deni hadi 17, na usuluhishi wa vuli ukalishusha hadi 9. Cannavaro na Emerson wakaenda Real Madrid, Zambrotta na Thuram Barcelona. Ibrahimovic na Vieira wakaenda Inter, wapinzani wao wa palepale Italia, na hilo liweke akilini, tutalirudia. Buffon, Del Piero, Nedved, Trezeguet na Camoranesi wakabaki kucheza kwenye viwanja vya miji ambayo walikuwa hawajawahi kuifikia. Walimaliza wa kwanza na pointi 85, deni likiwa limeshakatwa.

Klabu nyingine zilikuwemo. Fiorentina na Lazio nazo zilihukumiwa kushuka, kisha rufaa ikazirudisha Serie A na makato ya pointi. Milan ndiyo inayowauma zaidi watu wa Juve. Walikuwa wamemaliza na pointi 88. Wakakatwa 44, rufaa ikapunguza hadi 30, wakabaki na 58. Hizo 58 ziliwatosha kushika nafasi ya tatu na kuingia raundi ya mchujo ya Ligi ya Mabingwa. Wakapita mchujo. Mei 2007, Athens, wakaifunga Liverpool 2-1 wakawa mabingwa wa Ulaya. Klabu iliyokutwa na hatia katika kesi ileile, msimu uleule wa kutumikia adhabu, ikabeba kombe kubwa kuliko yote. Ningekuwa na jezi ile ya mtumba, hata mimi ningepiga meza.

Maelezo ya kisheria yapo: uzito wa kosa haukuwa sawa, na Moggi alionekana kuwa kitovu cha mtandao wakati wengine walikuwa pembeni yake. Ni maelezo yanayokubalika. Linalonishinda ni kombe.

Msimu wa 2005/06 Juventus walimaliza na pointi 91, Milan 88, Inter 76. Ubingwa wa 2005 uliachwa bila mwenyewe, ukawa kiti kitupu kwenye orodha. Ubingwa wa 2006 ukakabidhiwa Inter, waliokuwa nyuma kwa pointi 15. Kesi moja, makombe mawili, njia mbili. Aliyetoa uamuzi ni Guido Rossi, kamishna aliyewekwa kuliendesha shirikisho wakati ule, mtu ambaye miaka ya tisini aliwahi kukaa kwenye bodi ya Inter. Sisemi alipendelea. Nasema kama unataka hukumu ikubalike na aliyeshindwa, huyu hakuwa mtu wa kuachiwa uamuzi ule. Ukiongeza kwamba Inter hiyohiyo iliwanunua Ibrahimovic na Vieira kutoka kwa jirani aliyeanguka, kisha ikatwaa ligi miaka minne mfululizo kuanzia 2007, utaelewa kwa nini watu wanahesabu makombe kwenye jezi.

Kisha mwaka 2011 kukatokea jambo. Mazungumzo mengine ya simu, ambayo hayakutumika 2006, yaliibuka, na mwendesha mashtaka wa shirikisho, Stefano Palazzi, akaandika kwamba mwenendo wa Inter wa wakati ule nao ungeweza kuwa kosa chini ya kanuni, lakini muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha. Aliyekuwa anatajwa, rais wa klabu Giacinto Facchetti, alikuwa amefariki Septemba 2006, hivyo hakupata nafasi ya kujitetea, na si haki kumhukumu kaburini. Shirikisho likasema halina uwezo wa kulirudisha lile kombe. Likabaki lilipo hadi leo.

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Trafiki akikusimamisha peke yako kwenye msururu wa magari yote yaliyozidisha mwendo, hajakuonea kuhusu mwendo wako, spidi ulizidisha. Amekuonea kuhusu wenzako waliopita wakipiga honi. Ni malalamiko ya haki kabisa, ila hayafuti faini yako. Juventus, kwa maoni yangu, hawakuonewa kushushwa daraja. Walionewa walipoona orodha ya waliopona.

Watetezi wa Juve nao wana uzushi wao, tena unaopendwa: "Mahakama ilimwachia Moggi." Mwaka 2011 mahakama ya Napoli ilimhukumu miaka mitano na miezi minne, rufaa ya 2013 ikapunguza, na 2015 mahakama ya juu ikaifunga kesi, sehemu kubwa kwa sababu muda wa kisheria ulikuwa umepita. Muda kupita si kusafishwa. Ukinidai, ukakaa kimya hadi sheria inasema huwezi tena kunipeleka mahakamani, mimi sijawa mtu aliyelipa.

Na hata kama angeachiwa safi, bado kamati ya soka ingeweza kumkuta na hatia, na hili ndilo linalowashangaza watu kila mara. Chukua mwenye duka la jumla. Kila jioni hesabu za kijana wake hazilingani, na jirani kamwona akipitisha katoni za sabuni mlango wa nyuma. Ili amfukuze kazi, hahitaji hakimu. Ili kijana afungwe jela, hakimu anahitajika, na shaka yoyote ya maana inamwokoa kijana. Kamati ya nidhamu ni mwenye duka. Haiwezi kumfunga mtu, haiwezi kupekua nyumba, kwa hiyo haidaiwi ushahidi wa kiwango cha jela. Inadaiwa zaidi ya "inaelekea", na tuhuma inavyozidi uzito ndivyo ushahidi unavyotakiwa kuwa mzito.

Fenerbahçe ya Uturuki ilionja pande zote mbili. Kwa ubingwa wao wa 2010/11 kulikuwa na tuhuma za kupanga matokeo. UEFA iliwafungia mashindano ya Ulaya kwa misimu miwili, na mahakama ya usuluhishi wa michezo huko Lausanne ikaafiki Agosti 2013. Mahakama ya jinai ya nyumbani ilimtia hatiani rais wao 2012, kisha kesi iliposikilizwa upya akaachiwa 2015. Shirikisho lao halikuwapoka kombe. Hadi leo Trabzonspor, waliomaliza wa pili wakiwa na pointi sawa na wao, wanasema ubingwa ule ni wao.

Nimemaliza kahawa na sijamgusa Marseille, ambao kesi yao ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Mei 1993, siku sita kabla ya fainali ya Ulaya dhidi ya Milan, Marseille walicheza na Valenciennes. Walitaka wapinzani walegeze na wasiumize mtu. Faranga 250,000 zilikuja kufukuliwa ndani ya bahasha, kwenye bustani ya nyumba ya jamaa wa mmoja wa wachezaji wa Valenciennes. Marseille walipokwa ubingwa wa Ufaransa, ambao hakupewa mtu, wakashushwa daraja 1994, na rais wao Bernard Tapie akaenda jela. Kombe la Ulaya waliachiwa, kwa kuwa mechi iliyouzwa haikuwa ya kombe lile. Ng'ombe aliyetolewa zizini ni yule aliyeibwa.

Kesi ile ilianza kwa sababu mchezaji mmoja wa Valenciennes, Jacques Glassmann, alipopigiwa simu alikataa, akamwambia kocha wake. FIFA ilimpa tuzo ya mchezo wa haki 1995. Kabla ya hapo, viwanja vya Ufaransa vilikuwa vimeshampa yake: alizomewa kila alipogusa mpira. Hakuna kamati iliyokaa, hakuna rufaa, na wala haikukatwa nusu. Akaishia kucheza kisiwani Réunion, huku kwetu katika Bahari ya Hindi.